Upande Gani wa Kijito

Jumanne, 4 Machi

Leo nimezungumza na watu wazima wawili. Mwalimu mkuu aliniuliza kama chaki zimefika, nikamwambia bado. Mpishi wa shule alinimiminia chai, nikamwambia asante. Nilipofika chumbani nikagundua kwamba hayo ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo, ukiondoa ya watoto, nikalitoa daftari hili kabatini. Nina miaka hamsini na tisa, nastaafu Desemba, na mke wangu ana miaka mitatu kaburini. Si vibaya mtu kuwa na mahali pa kusemea.

Mvua za msimu zimeanza. Darasa la tano lina paa la bati lisilo na dari, kwa hiyo mvua ikishuka mwalimu uimbe au ulie, ni mamoja. Kipindi cha kusoma tukakifanya sikioni: wanakaa wawili wawili, mmoja anamsomea mwenzake sikioni, kisha wanabadilishana. Mimi nilipita katikati ya madawati nikiona midomo ikicheza tu. Wamenibandika jina la Taratibu, kwa sababu ndilo neno ninalowaambia wakisoma mbiombio. Wanadhani sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Vijitabu vyetu ni vya aina mbili. Vya kwanza vinahusu msitu wa mvua, kuanzia wadudu wa chini ya majani yaliyooza hadi ndege wa kwenye vilele. Vya pili vinahusu haki: haki ya kusoma, ya kucheza, ya kutopigwa, na kadhalika. Jumanne tunasoma msitu, Alhamisi tunasoma haki. Msitu wenyewe unaanzia nyuma ya vyoo vya shule, kwa hiyo hakuna haja ya kumwonyesha mtoto mti. Haja ni kumwonyesha kwamba anachokijua kuhusu mti ni elimu, hata kama hakijawahi kuandikwa popote.

Basi nimebuni utaratibu wangu. Kila mtoto anakwenda na kijitabu nyumbani, anamsomea mtu mzima mmoja, na yule mtu mzima lazima ajibu kitu, chochote kile. Mtoto analiandika jibu kwenye Daftari la Majibu. Wengi wa wazazi hapa hawasomi. Lakini kusikiliza na kujibu kila mtu anaweza.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu amepiga simu. Dakika nne. Ananiuliza nimekula nini, mimi namuuliza mvua imefika kwao, kisha wote wawili tunamsubiri mwenzake aage.

Jumanne, 11 Machi

Majibu ya kwanza yamefika. Baba mmoja amejibu: "Mwambie mwalimu wako nimechoka." Mama mmoja, baada ya kusomewa habari za vyura, amejibu kwamba yule mdogo wa kijani akianza kulia mchana basi anua nguo, usingoje mawingu. Nimecheka peke yangu mpaka miwani ikaanguka.

Jibu refu kuliko yote ni la msichana wanayemwita Chiriku. Jina limempata kweli, maana mtoto huyu akinyamaza ujue analala. Wazazi wake wanafanya kazi mbali, analelewa na bibi yake, mzee anayetibu watu kwa magome na mizizi. Kijitabu kilisema msitu una ghorofa nne. Bibi amejibu kwamba aliyeandika hivyo hajawahi kukaa humo, kwa sababu amesahau ghorofa ya tano, iliyo chini ya udongo, ambako miti inapeana maji. Kurasa mbili nzima, kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Nimezisoma mara tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Leo hatukusoma, tulibishana. Yote kwa sababu ya hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Juzi walisoma kwamba jike hujifungia kwenye tundu la mti akitaka kutaga, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba ambao dume hupitishia chakula. Leo kijitabu cha haki kilisema hakuna mtu anayeruhusiwa kufungiwa bila kosa. Msichana wa mbele akauliza: je, hondohondo jike anadhulumiwa? Darasa likagawanyika pande mbili. Wapo waliotaka dume lishitakiwe.

Chiriku akasimama bila kuinua mkono, kama kawaida yake, akasema bibi yake amemwambia jike ndiye anayeziba mwenyewe kutoka ndani, na siku akitaka kutoka anabomoa mwenyewe. "Kwa hiyo amejifungia, hajafungiwa," akasema, "na hayo ni mambo mawili."

Nimerudi chumbani nikaufunga mlango nikakaa kitandani nikiyafikiria hayo zaidi ya inavyostahili.

Jumanne, 18 Machi

Kijitabu cha leo: miti inayotibu. Chiriku ameleta jibu kuhusu mti wa kifua. Ni mti mmoja tu mkubwa uliobaki upande huu wa msitu, gome lake jekundu ukilipasua, na bibi hulichemsha kwa watu wenye kifua kinachobana. Hukata kipande cha upana wa kiganja, upande mmoja tu, akapaka udongo mbichi, na harudi hapo mpaka kovu lifunge. Anaufanyia hivyo tangu aolewe.

Kazi nzuri sana, lakini mwishoni mtoto ameandika kivivu: "Mti uko huko ndani." Huko ndani wapi? Nimewafundisha tangu Januari kwamba mwandishi mzuri hamwachi msomaji gizani. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Upande gani wa kijito? Hatua ngapi? Msomaji asipotee." Nikamrudishia.

Alhamisi, 20 Machi

Amelileta upya, na safari hii amejitahidi. Unavuka kijito mara mbili, ya pili pale penye jiwe lenye tundu, kisha unakwenda na mkono wa kushoto wa maji, hatua mia mbili na kumi za mtoto. Amechora na ramani. Amesema alikwenda na bibi kuchimba mizizi akazihesabu kimoyomoyo njia nzima bila kumsemesha mtu, na kwake yeye huo ni ushujaa. Nimempa kumi na tisa kwa ishirini. Moja nimeikata kwa ajili ya mwandiko.

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu mkuu ameniita. Ofisi ya elimu mjini ina maonyesho ya kazi za kusoma, na shule itakayofanya vizuri itajengewa chumba cha kusomea. Chenye dari. Anataka kazi moja bora. Sikufikiri hata kidogo, nikasema mti wa kifua. Nitaiandika upya kwenye karatasi kubwa kwa mkono wangu, na ramani nitaipaka rangi.

Nilipomwambia Chiriku aliruka kwa furaha, kisha akatulia. Akaniuliza, "Bibi ameambiwa?" Nikamjibu nitakwenda kumwambia mwenyewe. Akaridhika, maana mimi ni mwalimu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Njia ya kwa bibi ni tope tupu. Nitakwenda kesho.

Jumanne, 25 Machi

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Kipindi cha haki hakikufanyika leo. Meza zote zilikuwa zimetandazwa karatasi za maonyesho, watoto wakipaka gundi. Kijitabu cha sita, kinachosema mtu aulizwe kwanza kabla mambo yake hayajapelekwa mbele za watu, kitasubiri wiki ijayo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimerudi kutoka mjini na kichwa kimevimba, na leo sioni haya kukiri. Karatasi yetu ilitundikwa mkabala na mlango, kila anayeingia anakutana nayo. Watu walisimama, wakasoma mpaka mwisho. Afisa wa elimu alinishika mkono akasema mwandiko kama wangu umekwisha duniani. Bwana mmoja mwenye kofia aliipiga picha mara mbili kwa simu. Feni ilikuwa inaikunja pembe ya chini, pale kwenye ramani, nikamshikia vizuri ili picha isitoke imekatika. Akanishukuru sana.

Miaka thelathini na nne ya kufundisha, na leo ndiyo siku ya kwanza mtu mzima kusimama mbele ya kazi yangu akataka kuondoka nayo.

Jumapili, 30 Machi

Simu ya binti yangu imekwenda dakika kumi na moja. Nilimsimulia yote. Akasema, "Hongera, baba," na sauti yake ilikuwa inatabasamu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua, na kipindi kikawa cha sikioni. Kijitabu cha sita hakifai kusomwa sikioni, kinataka mjadala. Nimekiruka tena.

Jumanne, 8 Aprili

Chiriku hakuja. Darasa limekuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia mjusi ukutani.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuja. Nikamuuliza anayekaa naye dawati moja, akaangalia chini.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpishi ni jirani yao. Leo hakunimiminia chai na kunyamaza. Alikaa kabisa kwenye benchi, akanieleza.

Wiki iliyopita bibi alikwenda kwenye mti wa kifua akakuta umemenywa. Si kipande. Wamelibandua gome lote, kuzunguka shina, kutoka chini hadi mkono wa mtu mrefu unapofika, wakajaza magunia. Mti uliomenywa kuzunguka hauponi. Utasimama tu huku unakufa. Na waliokuja hawakutafuta. Hapakuwa na kichaka kilichofyekwa wala nyayo za kuzungukazunguka. Walivuka kijito mara mbili, wakapita kwenye jiwe, wakaenda moja kwa moja.

Mbali na bibi, ni mtoto mmoja tu aliyejua njia hiyo. Chiriku alijitetea kwamba hakumwambia mtu ila mwalimu. Mjomba wake akasema mwalimu hawezi kwenda msituni kubandua magome, basi ni ule mdomo wake unaovuja, amebwabwaja njiani. Hawakumpiga. Wamemnyamazia. Nyumba nzima haimsemeshi. Anapewa chakula bila neno, akiuliza kitu hajibiwi. Shule amekatazwa, asije akamaliza na kilichobaki. Leo ni siku ya saba.

"Mtoto yule," mpishi akasema, "sasa anaongea na kuku."

Nikamwambia asante kwa chai. Ndivyo nilivyosema. Kisha nikaja chumbani, nikaikumbuka ile pembe ya karatasi niliyomshikia bwana wa kofia.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijakwenda. Mvua ilikuwa ndogo tu.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekusanya Madaftari ya Majibu. Ishirini na moja. Kijitabu kilihusu nyuki wasiouma, ambao kila nyumba hapa ina habari zao. La kwanza: "Hajasema kitu." La pili: "Hajasema kitu." Nikayafungua yote yakiwa mezani, moja baada ya jingine, na yote yanasema hivyohivyo, kwa miandiko ishirini na moja. Hata yule baba aliyechoka hajasema amechoka.

Nimeyasahihisha. Nimeweka alama ya vema kwa kila mmoja, maana sentensi haina kosa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilimweleza mwalimu mkuu kila kitu, bila kujitetea. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka ishirini na simchukii. Alisikiliza, akafunga mlango. Akaniambia barua ya chumba cha kusomea imeshaandikwa, inasubiri sahihi tu. Tukianza kusema kazi yetu ndiyo iliyowaelekeza wezi, chumba hicho tutakisikia redioni. Na isitoshe, nani ana ushahidi?

"Mzee," akasema, "wewe umebakiza miezi minane. Utaondoka na sanduku lako. Sisi tutabaki hapa na bati na mvua."

Na ni kweli, hana kosa. Anawatetea watoto mia tatu, na mimi nina mmoja tu. Nikatoka.

Jumapili, 20 Aprili

Binti yangu ameuliza habari za maonyesho. Nikasema nzuri. Dakika tatu.

Siku ya kumi na sita kwa Chiriku. Mimi nina miaka mitatu ya kukaa kimya, na nilijizoesha polepole, nikiwa mtu mzima, bila kulazimishwa na mtu. Na bado kuna asubuhi nafungua mdomo nikakuta sauti imekauka. Yule ana miaka kumi na moja. Watu wanaomnyamazia wako mbele yake, wanapita, wanacheka wao kwa wao. Nimekuwa nikijiambia nangoja tope likauke. Tope si kitu. Naogopa. Nikishasema, hata hao watoto ishirini na mmoja hawatakuwa wangu tena, na baada ya hao sina watu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda mjini kuichukua karatasi. Kijana wa mapokezi akaniambia haiondolewi, ni mali ya maonyesho. Nikamwambia mwandiko ni wangu. Akasema lazima niandike barua ya maombi, afisa aipitishe, kisha nisubiri. Nikapanda juu ya kiti cha wageni, nikaing'oa, nikaikunja, nikaitia kwapani nikatoka nayo. Umri huu ndio naanza wizi. Alinifuata hadi ngazini akirudia "mzee, mzee", lakini alikuwa amevaa viatu vizuri na nje kulikuwa na matope.

Alhamisi, 24 Aprili

Mwalimu mkuu ameshapigiwa simu. Hakunisemesha leo.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda.

Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu yangu. Niliteleza mara mbili, nikafika nimepakaa tope upande mmoja mzima. Bibi alikuwa ukumbini anachambua mizizi, mjomba ananoa panga, shangazi mmoja anafua. Chiriku alikuwa pembeni kabisa, mgongo ukutani. Aliponiona aliinuka nusu, kisha akakaa tena. Amekonda. Hakusema hata shikamoo, na hilo ndilo lililonikata maini.

Nikamwamkia bibi, akaitika marahaba bila kuacha kazi yake. Akanionyesha kigoda. Nikaomba wote waje karibu, kwa sababu nilichokuja nacho si cha kunong'ona. Mjomba alikuja na panga lake mkononi, sijui kwa kusahau au kwa kukumbuka.

Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, na yote yalinipotea. Nikasema kwa kifupi kwamba mtoto hakumwambia mtu yeyote. Kwamba aliandika kazi niliyompa mimi, kuhusu maneno aliyoambiwa nyumbani, na kwamba mimi nikayachukua maneno hayo nikayatundika mjini, mahali anapopita kila mtu, bila kumuuliza mwenyewe. Mtoto aliniuliza kama bibi ameambiwa. Nikamjibu nitamwambia. Sikuja. Nikawaeleza na habari za mtu wa kofia na pembe niliyomshikia. Kisha nikaikunjua karatasi chini, na Daftari la Majibu la Chiriku, lililobaki kwangu tangu nilipolinakili, nikaliweka juu yake.

Bibi akaacha mizizi, akafuta mikono. Yeye hasomi, lakini aliliangalia daftari kwa muda mrefu, akifuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama pale penye wino wangu mwekundu.

"Haya mekundu yanasemaje?"

Nikamwambia hayo ni yangu, ni masahihisho ya kawaida. Akasema, "Nisomee."

Nikasoma. "Upande gani wa kijito. Hatua ngapi. Msomaji asipotee."

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona inalingana.

"Na hakupotea," akasema.

Nimefundisha kusoma miaka thelathini na nne, na sijawahi kusikia maneno yangu mwenyewe vile. Niliinamisha kichwa, na mbele ya mjomba, shangazi na panga, nililia. Hawakunibembeleza, na walifanya vizuri.

Baadaye bibi akaniambia nimsomee daftari lote tangu mwanzo. Nikasoma. Kila nilipofika pa kufuta alisema "hapo", nami nikafuta kwa kalamu nzito mpaka herufi hazionekani. Ghorofa ya tano akaiacha. Hondohondo akamwacha. Mti wa kifua ukafutwa wote, na ramani, na habari za mizizi minne mingine ambayo sitaiandika hata humu. Karatasi kubwa mjomba akaichukua akaiingiza motoni bila kuambiwa, na hapo ndipo alipoliweka panga chini.

Kisha bibi akageuka upande wa ukuta. "Mjukuu wangu," akasema, "niletee maji ninywe."

Chiriku aliinuka mbio kiasi cha kuikanyaga ndoo. Bibi akanywa kikombe chote, na hakumaliza kunywa mtoto ameshaanza kueleza: kuku amehamisha mayai, jogoo wa jirani mgonjwa, yeye alijua tangu juzi ila hakuwa na wa kumwambia. Alisema mfululizo bila kupumua na hakuna aliyemkatiza. Bibi alikuwa ameuziba mdomo kwa mkono na mabega yakimtetemeka. Mjomba akajikuta ana shughuli nyuma ya nyumba.

Wakati wa kuondoka nikamwomba bibi msamaha, kwa sababu nilikuwa bado sijalitamka neno lenyewe. Akanitazama kwa utulivu.

"Mti ule utachukua misimu miwili kufa," akasema. "Na mimi nitakasirika misimu yote miwili. Ukitaka kuja, njoo. Lakini usitegemee kukaribishwa."

Jumatatu, 28 Aprili

Chumba cha kusomea kimepewa shule nyingine. Mwalimu mkuu alitangaza mbele ya walimu wote, hakutaja sababu, na wote wakaniangalia mimi.

Jumanne, 29 Aprili

Watoto kumi na wanne. Wengine wazazi wamewazuia kipindi cha kusoma, habari imeshaenea. Mvua kubwa, tukasoma sikioni. Hakuna aliyeniita Taratibu hata kwa kunong'ona. Nimelitamani.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda kwa bibi. Sikukaribishwa. Nilisimama uani kidogo, nikarudi.

Jumanne, 6 Mei

Chiriku amerudi. Darasa zima liligeuka. Akaketi mahali pake, akaanza kumsimulia jirani yake, na nilimwacha aendelee hadi dakika tano zikapita kabla sijasema "taratibu".

Jumamosi, 10 Mei

Kwa bibi tena. Alikuwa anaanua mizizi na mvua inakuja, nikamsaidia kubeba ungo. Hakunikataza.

Jumanne, 13 Mei

Kumi na wanane. Siwatangazii kitu wala siwaombi. Wanarudi mmoja mmoja, wanakaa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekisoma kijitabu cha sita, nikiwa nimechelewa wiki saba na mti mmoja. Nilikisoma mwenyewe kwa sauti, nikawaeleza nilichokifanya, kwa majina ya vitu vyote isipokuwa njia. Nikawaambia haki hii niliiruka kwa sababu tulikuwa tunapaka gundi. Msichana wa mbele akauliza kama mwalimu naye anaweza kushitakiwa kama dume la hondohondo. Nikasema anaweza.

Wamekwenda nacho nyumbani.

Alhamisi, 22 Mei

Siku ya mwisho ya muhula, na mvua zimekatika. Leo kila neno lilisikika. Wamekuja kumi na tisa. Nikawaambia asome majibu anayetaka, asiyetaka akae.

Yule baba aliyechoka amejibu: "Sasa ndiyo mnajua?" Darasa likacheka, na mimi pia. Wengine wawili watatu wakasoma yao, mafupi, ya uangalifu.

Chiriku akasimama, safari hii ameinua mkono kwanza. Daftari lake jipya lilikuwa mikononi, limefungwa. Nikamwambia, haya, bibi amesemaje.

"Amesema mengi, mwalimu," akajibu. "Amesema hadi moto ukazimika. Mengine kuhusu msitu, na mengine kukuhusu wewe."

Nikangoja. Darasa zima lilingoja.

"Nilimuuliza kama niyalete shule," akasema. "Amesema bado."

Nilitamani kujua. Sijui kama nimewahi kutamani kitu hivyo tangu nimzike mke wangu: kwamba kuna mahali mtu mzima alikaa mbele ya moto akanizungumzia, kwa uzuri au kwa ubaya, mpaka moto ukazimika. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Mtoto alikuwa ananitazama machoni, amesimama wima, anangoja aone nitafanya nini.

"Umefanya vizuri kuuliza," nikamwambia. "Kaa."